Springi Inayobeba na Springi Inayoshika: Fizikia ya Kubadili Land Rover ya Zamani

Jijini Arusha Land Rover ya zamani bado haijawa kitu cha makumbusho. Katika kata ya Elerai na kata nyingine zilizo chini ya Mlima Meru, gari la aina hiyo lenye umri wa miaka hamsini laweza kuonekana likibeba mchanga, mbao, majani ya ng'ombe au abiria. Mwezi Oktoba 2024 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa tamasha la magari ya Land Rover, ambamo magari ya miaka mbalimbali yalionekana pamoja. Mtu akiinama na kutazama chini ya magari hayo ataona tofauti moja kubwa. Yale ya zamani hukaa juu ya springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Yale ya baadaye hukaa juu ya springi za koili, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa kama nyoka.

Wenye magari ya zamani huwauliza mafundi swali lile lile: je, springi za bapa zaweza kuondolewa na kuwekwa koili, ili gari lisiwarushe watu? Jibu fupi ni kwamba zaweza. Hata hivyo, kazi hiyo si kubadili springi moja kwa nyingine. Ni kubadili mfumo mzima unaoishika ekseli mahali pake. Mtu asiyeifahamu tofauti hiyo aweza kutengeneza gari ambalo ni laini liendapo polepole, lakini lenye kuua lifungapo breki. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hiyo kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari: kanuni ya Hooke, momenti ya kani, msuguano na mtikisiko.

Historia kwa ufupi

Springi za bapa ni za zamani kuliko motokaa. Zilitumika katika magari ya kuvutwa na farasi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilikuwa na springi za bapa nne, moja kwa kila gurudumu. Mpango huo haukubadilika katika matoleo ya Series I, II, IIA na III, ambayo yalitengenezwa hadi mwaka 1985.

Mwaka 1970 kampuni hiyo hiyo ilitoa Range Rover, gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma kama Land Rover, lakini juu ya springi za koili. Mfumo huo ulihamishiwa kwenye Land Rover yenyewe mwaka 1983 katika gari lililoitwa One Ten, na mwaka 1984 katika Ninety. Magari hayo yalipewa jina la Defender mwaka 1990. Kwa hiyo anayetaka kubadili Land Rover ya Series anafuata njia ambayo watengenezaji wenyewe waliipita. Yafaa basi tutazame walibadili nini.

Kazi nne za springi ya bapa

Springi ya bapa hufungwa kwenye chasisi kwa ncha zake mbili. Ncha moja hushikwa na pini isiyosogea. Ncha ya pili hushikwa na kiungo kinachobembea, kwa kuwa springi hurefuka inaponyooka. Ekseli hufungwa katikati ya springi kwa bolti zenye umbo la U. Katika hali hiyo springi hufanya kazi nne kwa pamoja.

Kwanza, hubeba uzito wa gari. Pili, huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Tatu, huizuia ekseli isijizungushe wakati wa kufunga breki na wakati injini inapoyasukuma magurudumu. Nne, vyuma vyake vinaposuguana hupunguza mtikisiko, na hivyo kuisaidia shokapu.

Springi ya koili hufanya kazi moja tu kati ya hizo, nayo ni ile ya kwanza. Koili hubeba, haishiki. Ikiwekwa peke yake kati ya ekseli na chasisi, ekseli itakuwa huru kwenda pembeni, kurudi nyuma na kujizungusha. Hilo ndilo jambo kuu katika makala haya, na mengine yote yatokana nalo.

Chuma kinachopindwa na chuma kinachonyongwa

Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni inayojulikana kwa jina lake: mnyambuko wa springi huongezeka kwa uwiano na kani inayoivuta au kuigandamiza. Tukiandika kani kwa herufi F, na mabadiliko ya urefu kwa herufi x, basi F = kx. Herufi k ni ugumu wa springi, yaani idadi ya newtoni zinazohitajika kuisogeza kwa milimita moja.

Katika springi ya bapa chuma hupindwa. Ugumu wa bapa moja huongezeka kwa uwiano na unene wake uliopigwa mara tatu, yaani unene kwa kipeo cha tatu. Bapa lenye unene maradufu lina ugumu mara nane. Lakini mabapa mawili membamba yaliyowekwa moja juu ya jingine, yakiwa huru kuteleza, yana ugumu mara mbili tu ya bapa moja. Ndiyo sababu springi hutengenezwa kwa mabapa mengi membamba: huweza kupinda sana bila kuvunjika, na bado hubeba mzigo mzito.

Katika springi ya koili waya haupindwi bali hunyongwa, kama mtu akamuavyo nguo. Ugumu wake hupatikana kwa kanuni hii:

k = Gd⁴ ÷ 8D³n

Hapa d ni unene wa waya, D ni upana wa koili kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya upande wa pili, n ni idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na G ni kipimo cha chuma kukataa kunyongwa, ambacho ni takriban newtoni 79,000 kwa milimita ya mraba. Tuchukue waya wa milimita 16, upana wa milimita 150 na mizunguko 7. Tukikokotoa twapata takriban newtoni 27 kwa milimita. Mwanafunzi aangalie kwamba unene wa waya umepandishwa kwa kipeo cha nne. Kwa hiyo koili mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana sana kwa ugumu, na fundi hapaswi kuchagua koili kwa kuitazama tu.

Kwa nini koili huonekana laini?

Gari lililo juu ya springi hupanda na kushuka kwa mwendo wake maalumu. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde hutegemea kiasi ambacho springi hubonyea kwa uzito wa gari lililosimama. Tukikiita kiasi hicho s, katika mita, basi idadi ya mitikisiko ni:

f = (1 ÷ 2π) × √(g ÷ s)

Springi ngumu inayobonyea milimita 50 tu hutoa mitikisiko 2.2 kwa sekunde. Springi inayobonyea milimita 150 hutoa mitikisiko 1.3. Magari ya abiria kwa kawaida hulengwa yawe kati ya mtikisiko 1 na 1.5 kwa sekunde, kwani mwili wa binadamu huustahimili mwendo huo bila taabu.

Lakini ugumu si sababu pekee. Fikiria barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, mathalani ile ipitayo Ngorongoro kuelekea Serengeti, ambayo imejulikana kwa mikunjo yake kwa miaka mingi. Ikiwa mikunjo imeachana kwa mita 0.8, na gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, basi gurudumu hupigwa mara 12.5 kila sekunde. Pigo moja ni dogo. Katika springi ya bapa, pigo dogo laweza kushindwa kuushinda msuguano ulio kati ya mabapa, hasa mabapa yaliyoshika kutu na kujaa vumbi. Hapo springi hukaa kama gogo, na pigo lote hufika kwenye chasisi na kwenye uti wa mgongo wa abiria. Koili haina msuguano wa namna hiyo. Gurudumu hupanda na kushuka upesi, na bodi hubaki karibu imetulia.

Faida hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa koili haina msuguano wa kuituliza, mtikisiko ukishaanza hauna wa kuuzuia isipokuwa shokapu. Gari la koili lenye shokapu zilizokufa ni hatari zaidi kuliko gari la bapa lenye shokapu zilizokufa.

Viungo vya kuongeza na kani zake

Katika Range Rover ya mwaka 1970, na katika One Ten iliyofuata, ekseli ya mbele ilishikwa na mikono miwili mirefu iliyotoka kwenye chasisi. Pembeni ilizuiwa na fito moja iliyolala, iitwayo rodi ya Panhard. Ekseli ya nyuma ilishikwa na fito mbili upande wa chini, na kiungo chenye umbo la herufi A juu ya difu. Kila kimoja kati ya vyuma hivyo kinachukua kazi ambayo zamani ilifanywa na springi.

Tukokotoe kani iliyomo katika mikono ya mbele. Tuseme gari pamoja na mzigo lina kilo 2,400, nalo linafunga breki na kupunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kani yote ya breki ni 2,400 × 5, yaani newtoni 12,000. Gari linapofunga breki huinamia mbele, kwa hiyo tuchukue kwamba theluthi mbili ya kani hiyo, newtoni 8,000, iko kwenye magurudumu ya mbele. Nusu kipenyo ya gurudumu ikiwa mita 0.38, momenti inayotaka kuizungusha ekseli ni 8,000 × 0.38, yaani 3,040 newtoni-mita. Kila mkono huchukua nusu yake, 1,520.

Mkono hufungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli. Bolti hizo zikiwa zimeachana kwa mita 0.2, kila moja hupata wastani wa newtoni 7,600. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 775 kwenye kila bolti, na gurudumu likiingia shimoni wakati huo huo kani huzidi. Kipande cha chuma kilichochomelewa kwa haraka juu ya ekseli, kwa kukadiria tu, kitastahimili safari ya majaribio ya kuzunguka mtaa. Hakitastahimili siku ambayo mtoto atakatiza barabara ghafla na dereva kukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ekseli ikijizungusha, usukani hupotea pamoja na breki.

Chasisi nayo ina hesabu yake. Springi ya bapa hugawa mzigo wa gurudumu kwenye sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli. Koili huusimamisha mzigo wote mahali pamoja. Tena mahali hapo huwa nje kidogo ya boriti ya chasisi. Gurudumu linalobeba kilo 600 huleta kani ya takriban newtoni 5,900. Kikalio cha koili kikiwa mita 0.1 nje ya boriti, momenti ya 590 newtoni-mita huinyonga boriti hiyo saa zote. Chasisi ya Land Rover ya zamani ni boksi la chuma chembamba, lenye unene wa takriban milimita 2, na mara nyingi limeliwa na kutu ndani, palipokaa tope. Kuchomelea kikalio juu ya chuma hicho bila kukitandaza kwa bamba pana ni kama kusimamisha nguzo ya nyumba juu ya dari.

Jambo la tatu ni usukani. Ekseli inapopanda, ncha ya rodi ya Panhard hupita katika tao, na ekseli husogea kidogo pembeni. Kiasi hicho ni takriban h² ÷ 2L, ambapo h ni kimo cha kupanda na L ni urefu wa rodi. Rodi ya mita 0.9 ikiwa imelala sawasawa, na ekseli ikapanda milimita 80, msogeo ni milimita 3.6. Hilo halina madhara ikiwa rodi ya usukani nayo ina urefu ule ule na mlalo ule ule, kwani zote mbili zitasogea pamoja. Zikitofautiana, gari litajipinda lenyewe kila lipitapo kwenye tuta, ingawa dereva ameshika usukani bila kuutikisa.

Suala la mzigo

Mtu aweza kudhani kwamba koili ni bora katika kila hali. Si hivyo. Tuseme mwenye gari hupakia kilo 600 za mahindi nyuma, yaani uzito wa newtoni 5,880. Springi mbili za bapa zenye ugumu wa newtoni 50 kwa milimita kila moja zitabonyea milimita 59. Koili mbili za newtoni 27 kila moja zitabonyea milimita 109. Gari litainua pua, taa zitamulika juu ya miti, na ekseli itagonga chasisi kila penye shimo. Akiweka koili ngumu ili zibebe mahindi, gari tupu litarusha watu kama zamani, na faida aliyoitafuta itakuwa imepotea.

Mfano ulio wazi tunao katika magari ya kitalii ya Arusha. Toyota Land Cruiser za familia ya 70, ambazo huonekana kila siku zikielekea mbugani, zilitolewa mwaka 1984. Mwaka 1999 mtengenezaji aliyapa matoleo yake ya kazi nzito springi za koili mbele, ambako uzito haubadiliki sana, lakini aliacha springi za bapa nyuma, ambako mzigo hupanda na kushuka. Uamuzi huo haukutokana na kuchelewa kimaendeleo, bali kila aina ya springi ilipewa kazi inayoiweza.

Njia tatu za mwenye gari

Njia ya kwanza ni kuzitengeneza springi za bapa zilizopo. Zifunguliwe, zisuguliwe kutu, mabapa yaliyovunjika yabadilishwe, bushi na shokapu mpya ziwekwe. Magari mengi yanayosemekana kuwa na springi mbaya yana springi chafu tu. Njia hii ni ya gharama ndogo, nayo haigusi chasisi.

Njia ya pili ni kutumia springi za bapa za parabola. Hizi huwa na mabapa machache, manene katikati na membamba kuelekea nchani, tena hayagusani isipokuwa katikati na nchani. Msuguano hupungua sana, na ekseli huendelea kushikwa kama zamani. Kwa kuwa msuguano umepungua, shokapu nzuri ni lazima.

Njia ya tatu ni kuhamia koili kikamilifu. Hapa busara ni kutumia chasisi nzima na ekseli za gari lililoundwa kwa koili, badala ya kuchomelea vikalio kwenye chasisi ya zamani. Hata hivyo, vipimo havilingani. Umbali kati ya ekseli za Land Rover fupi ya Series ni inchi 88, na ndefu ni inchi 109. Range Rover ya zamani ina inchi 100, na One Ten ina inchi 110. Tena ekseli za magari ya koili ni pana kwa takriban sentimita 18, hivyo magurudumu hutokeza nje ya bodi ya zamani. Propela shafti, mabomba ya breki na usukani vyote hubadilika. Kazi ya namna hiyo yahitaji mchoro, hesabu na mchomeleaji aliyefuzu, na gari lipelekwe kukaguliwa kabla ya kupakia abiria.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza. Shikilia rula ya plastiki kwenye ukingo wa meza, na kwenye ncha yake ning'iniza sarafu ndani ya mfuko mdogo. Pima mbonyeo. Rudia kwa rula mbili zisizogandishwa, kisha kwa rula mbili zilizogandishwa kwa gundi kali. Katika hatua ya pili mbonyeo utakuwa karibu nusu. Katika ya tatu, karibu sehemu moja ya nane.

Jaribio la pili. Funga rula nne pamoja kwa mipira, zibonyeze ncha na kuziachilia. Linganisha muda wa mtikisiko na ule wa rula moja. Wanafunzi wataona kazi ya msuguano kwa macho yao.

Jaribio la tatu. Simamisha springi ya kalamu kati ya vipande viwili vya mbao. Bonyeza kipande cha juu kwa kidole: springi hubeba. Kisha kisukume pembeni: springi hulala. Waulize wanafunzi wapendekeze ni vijiti vingapi vinahitajika, na vifungwe wapi, ili kipande cha juu kiweze kupanda na kushuka tu. Watakuwa wamebuni wenyewe mikono ya ekseli na rodi ya Panhard.

Shule zilizo karibu na Arusha zaweza kupanga ziara katika karakana za Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978. Shule zilizo mbali hazihitaji kusubiri: fundi wa magari yupo karibu kila mji, na Land Rover iliyopandishwa kwenye jeki ni maabara iliyo tayari. Mwanafunzi aliyeikokotoa kani ya bolti darasani atakuwa na la kumwambia fundi, na fundi naye atakuwa na mengi ya kumwonyesha mwanafunzi.

Maswali ya kujipima

1. Waya wa koili umebadilishwa kutoka milimita 16 hadi 18, mengine yote yakibaki yalivyokuwa. Ugumu umeongezeka mara ngapi?

2. Springi inabonyea milimita 80 kwa uzito wa gari. Tafuta idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

3. Rodi ya Panhard ina urefu wa mita 0.9, na rodi ya usukani mita 0.6, zote zimelala sawasawa. Ekseli ikipanda milimita 80, misogeo yake itatofautiana kwa kiasi gani?

4. Fundi mmoja asema kwamba rodi ya Panhard si lazima, kwa kuwa gari lilikwenda vizuri bila hiyo. Andika aya moja ya kumjibu.

Majibu: (1) mara 1.6, (2) 1.8, (3) takriban milimita 1.8. Swali la nne lijadiliwe darasani.